Bima Inayokomea Forodhani

Aisifuye mvua, walinena wahenga, imemnyea. Mwandishi wa makala haya hana nia ya kuisifu mvua anayotaka kuizungumzia, ila imemnyea yeye na jamaa zake, na hiyo ndiyo sababu ya kushika kalamu.

Shangazi yangu ni mchuuzi wa ndizi na nyanya mjini Taveta. Ameifanya kazi hiyo tangu enzi nilipokuwa nikivaa kaptura. Siku za soko la Taveta huuza papo hapo. Siku nyingine huvuka mpaka pale Holili na kuingia Tanzania, kununua au kuuza, kutegemea bei imepanda upande gani. Miaka kadhaa iliyopita, akiwa ng'ambo hiyo, alishikwa na maumivu ya tumbo yaliyomwangusha katikati ya matenga yake. Wachuuzi wenzake walimpakia kwenye bodaboda, mmoja akamshikilia kwa nyuma asianguke, wakamfikisha katika hospitali iliyokuwa karibu. Daktari alitambua kuwa ni kidole tumbo na kwamba kilikuwa kinakaribia kupasuka. Alifanyiwa upasuaji usiku uo huo. Yu hai hadi leo, na kwa hilo ukoo wetu haujakoma kuwashukuru watu wa hospitali ile.

Shangazi alikuwa na kadi ya bima ya afya. Alikuwa akiilipia kila mwezi bila kukosa, hata miezi ya kiangazi ambapo ndizi huadimika na mtaji huliwa na ada za shule. Kadi hiyo aliifungia ndani ya leso pamoja na pesa za biashara. Alipopata fahamu aliitoa, akamkabidhi muuguzi kwa fahari ya mtu ambaye miaka yote alijua siku kama hii ingewadia naye angekuwa tayari. Muuguzi aliitazama mbele na nyuma, kisha akamrudishia kwa upole: "Mama, hii ni ya huko kwenu."

Gharama ilikuwa shilingi za Tanzania milioni moja na laki mbili, yaani zaidi ya elfu hamsini za Kenya wakati huo. Mjomba aliuza mtamba. Sisi tuliosalia tulichangishana kwa kadiri ya uwezo wetu, nami nikiwa mwanafunzi nilitoa kidogo ambacho ninaona haya kukitaja. Shangazi alipopata nafuu alizikusanya stakabadhi zake zote, tukaandamana naye hadi ofisi moja kuuliza kama angeweza kurejeshewa angalau nusu. Baada ya majuma mengi alipata jibu kwa barua. Hospitali ile haikuwa katika orodha ya hospitali zilizoandikishwa. Hivyo basi, hapakuwa na malipo.

Kwa upande wa sheria, karani aliyeiandika barua hiyo hakukosea. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Hakuna mtu hata mmoja katika kisa hiki aliyetenda kosa: si muuguzi, si daktari, si karani, na hakika si shangazi. Kila mmoja alitimiza wajibu wake barabara, na bado mtamba aliuzwa. Pindi mambo yanapokuwa hivyo, ni utaratibu wenyewe unaopaswa kuhojiwa.

Naomba nitue kidogo kwa jambo linalotuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili moja kwa moja. Barua ile ya kumkatalia shangazi malipo iliandikwa kwa Kiingereza, ukurasa mmoja na nusu. Ilinibidi nimsomee na kumfasiria, naye akanisikiliza kana kwamba ninamsomea habari za mtu mwingine. Ilhali fomu ya ridhaa aliyotia sahihi kabla ya kupasuliwa ng'ambo ya mpaka ilikuwa ya Kiswahili. Aliisoma mwenyewe, akiwa amejikunja kwa maumivu, na akaielewa. Nchi ya kigeni ilizungumza naye kwa lugha yake. Nchi yake ikamwandikia kwa lugha ya wengine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadi leo mkulima au mchuuzi anayetaka kujua bima yake inalipia nini na hailipii nini hulazimika kutafuta mtoto aliyesoma. Sijui ni wangapi kati ya wasomaji wa jarida hili waliowahi kuwa mtoto huyo. Ninashuku ni wengi.

Neno bima lenyewe, kwa taarifa ya wanaopenda asili ya maneno, lilitufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi. Limetokana na lugha za Bara Hindi ambazo nazo zililipata kutoka Kiajemi, na katika Kiajemi shina lake lina maana ya hofu. Neno lililovuka bahari na kuingia katika vinywa vyetu bila kibali cha mtu linashindwa kuvuka kivuko cha hatua mia chache pale Holili!

Tuutazame sasa mpaka wenyewe. Mstari unaozigawa Kenya na Tanzania ulichorwa na Waingereza na Wajerumani katika mapatano ya mwaka 1886. Ulianzia pwani, kwenye mlango wa mto Umba, ukaelekea Ziwa Jipe, ukapita kati ya Taveta na nchi ya Wachaga, kisha ukauzunguka mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini kabla ya kunyooka tena kuelekea Ziwa Viktoria. Kuna ngano maarufu inayodai kuwa Malkia wa Uingereza alimzawadia mjukuu wake mlima huo kwa kuwa hakuwa nao. Wanahistoria wameikanusha, lakini watu wa Taveta huipenda kwa sababu inaeleza vizuri kuliko historia jinsi walivyotengwa na jirani zao. Hata hivyo, hawakutengana. Walioana, wakauziana, wakazikana. Na walipougua walikwenda kwenye daktari aliye karibu.

Daktari aliye karibu ni yupi? Kutoka Taveta hadi Voi, iliko hospitali ya rufaa ya kaunti, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Kutoka Taveta hadi Moshi ni kilomita 40 na ushei. Mjini Moshi ipo KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda ambayo milango yake ilifunguliwa mwaka 1971 na ambayo ina madaktari bingwa wa fani nyingi na chuo cha kuwafundisha. (Ieleweke kuwa siyo hospitali niliyoitaja katika kisa cha shangazi.) Je, mgonjwa mwenye akili timamu atageukia upande gani? Hali ni iyo hiyo katika miji mingine ya mipakani. Pale Busia mtaa mmoja una serikali mbili. Moyale ni jina la miji miwili inayotazamana, mmoja wa Kenya na mwingine wa Ethiopia. Isebania inatazamana na Sirari, Lunga Lunga na Horohoro.

Wala wanaovuka si Wakenya peke yao. Mwezi wa Machi mwaka 2001 Uganda ilifuta ada katika vituo vya afya vya serikali, na baadhi ya Wakenya wa magharibi wakapata sababu ya kuvuka kwenda huko. Mwezi wa Juni mwaka 2013 Kenya nayo ilifuta ada za uzazi katika hospitali za umma, na kina mama wa upande wa pili wakapata sababu ya kuja huku. Mgonjwa ni kama maji: hufuata mteremko. Serikali hubadilisha mteremko kila baada ya miaka kadhaa, kisha hushangaa maji yanapobadilisha mkondo.

Katika upande wa bima, Kenya ina historia ndefu. Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, tuliyoizoea kwa jina la NHIF, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1966. Mwishoni mwa mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya ya jamii uliokusudiwa kumfikia kila mwananchi, lakini Rais Mwai Kibaki hakuutia sahihi, hoja kubwa ikiwa ni gharama. Ilichukua karibu miaka ishirini wazo hilo kurudi kwa nguvu. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa sahihi mwezi wa Oktoba mwaka 2023, na tarehe 1 Oktoba 2024 mamlaka mpya ya SHA ikachukua nafasi ya NHIF. Mwajiriwa sasa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Asiye na mshahara hutathminiwa mapato ya kaya yake, na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mabishano kuhusu mfumo huo ni mengi na yamefika hadi mahakamani. Makala haya hayatayaingilia, kwani yamekwisha kuandikwa na wenye ujuzi kuniliko. Ninalotaka kuuliza ni dogo: sheria hii mpya, iliyoandikwa karne hii, inamwona vipi mtu wa mpakani?

Inamwona kwa njia mbili, na zote zina kasoro. Kwanza, sheria inamtaka mgeni anayeingia Kenya kwa muda usiozidi miezi kumi na miwili awe na bima ya usafiri. Aliyetunga kifungu hicho bila shaka alikuwa akimfikiria mtalii anayeshuka katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta akiwa na kamera shingoni. Hakumfikiria mama wa Holili anayeingia Taveta saa kumi na mbili asubuhi na beseni la nyanya kichwani na kutoka saa kumi jioni. Mwambie mama huyo akate bima ya usafiri. Atakuuliza kama wewe mwenyewe u mzima.

Pili, utaratibu wetu umekubali, tangu siku za NHIF, kwamba kuna matibabu ambayo hayapatikani nchini na kwamba mgonjwa anaweza, baada ya kupewa idhini, kugharamiwa sehemu ya matibabu hayo ng'ambo. Ni jambo jema, na limewafaa wagonjwa wa figo na wa saratani. Lakini ng'ambo inayokusudiwa ni ile ya kuendewa kwa ndege, India hasa. Kwa hiyo, hazina yetu inaweza kumfikia mgonjwa aliye umbali wa maelfu ya kilomita, ila haiwezi kumfikia aliye umbali wa mwendo wa bodaboda. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Na nyoka wa kidole tumbo hangoji idhini ya maandishi.

Huenda msomaji akasema kuwa haya ni madai ya ndoto, kwamba kila nchi ina hazina yake na haiwezekani bima ya nchi moja ikavuka hadi nyingine. Kama ni ndoto, basi tuitazame Kadi ya Manjano ya COMESA.

Mpango wa Kadi ya Manjano ulianzishwa mwaka 1987. Ni bima ya magari. Dereva wa lori akitoka Mombasa kuelekea Kampala, Kigali au Lubumbashi hahitaji kununua bima mpya ya ajali katika kila mpaka. Kadi ile moja hutambuliwa na nchi zote zilizo katika mpango, ikiwemo Tanzania ambayo si mwanachama wa COMESA. Akisababisha ajali ugenini, kampuni ya bima ya huko hushughulikia madai ya aliyeumizwa, kisha hurejeshewa fedha zake na kampuni ya nchi alikotoka dereva. Zipo ofisi za kitaifa zinazodaiana na kulipana. Mfumo huu umedumu kwa zaidi ya miaka thelathini na mitano, umevuka vita, mabadiliko ya serikali na ugomvi wa kibiashara usiohesabika.

Hebu tulitafakari jambo hili bila haraka. Dereva yule akigonga mtu Tororo, bima itavuka mpaka imfuate. Kadi hiyo hugharamia hata matibabu yake yeye na abiria wake wakiumia katika ajali hiyo. Lakini akilala Tororo na kuamka na malaria kali, hana chochote. Ni sharti apate ajali ndipo atambuliwe kuwa mtu mwenye mwili. Lori lina bima katika Afrika Mashariki nzima; mwenye kuliendesha ana bima hadi Malaba. Nimewahi kumweleza jambo hili dereva mmoja katika kituo cha mafuta. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza, kisha akasema kuwa wenzake wawili walirudishwa nyumbani wakiwa wagonjwa mahututi kwa sababu hawakuwa na fedha za kulazwa walikokuwa.

Si magari tu yaliyojaliwa kuvuka. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Taveta na Holili kilizinduliwa mwaka 2016, cha Busia na cha Namanga mwaka 2018. Lengo ni shehena isikaguliwe mara mbili. Tangu mwaka 2015 mtu aliye Kenya anaweza kumtumia mwenzake aliye Tanzania fedha kwa simu ya mkononi. Tena ndivyo tulivyoilipa hospitali ya shangazi: michango ilitoka Nairobi, Mombasa na Voi, ikavuka mpaka kwa kubofya vitufe, na jioni hiyo hiyo ikawa mikononi mwa mhasibu. Fedha za ndugu zilivuka kwa dakika chache. Fedha ambazo shangazi mwenyewe alikuwa ameziweka kwa miaka hazikuvuka kamwe.

Katika maandishi, Jumuiya ya Afrika Mashariki haina upungufu wa nia njema. Mkataba wa kuiunda upya, uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, una kifungu kizima kuhusu ushirikiano katika afya. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010 inazungumzia haki ya mfanyakazi kunufaika na hifadhi ya jamii katika nchi mwanachama anakofanyia kazi. Lakini Itifaki hiyo inamtazama mtu anayehamia: mwalimu wa Kenya aliyeajiriwa Kigali, mhandisi wa Uganda aliyeajiriwa Dodoma. Anayevuka asubuhi na kurudi jioni hana pahali katika mawazo hayo, ijapokuwa yeye ndiye mwana wa Afrika Mashariki kwa vitendo kuliko wengi wanaohudhuria mikutano ya Arusha.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba wakuu wa Jumuiya wamekwisha kukubaliana, kwa mpango uliogharamiwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika, kugawana fani za utabibu. Kenya ikapewa figo, Uganda saratani, Tanzania moyo, Burundi lishe, na Rwanda uhandisi wa vifaa vya tiba. Vituo vya umahiri vikaanzishwa kwa mgawanyo huo. Ni wazo la busara, kwani hakuna nchi moja kati yetu inayoweza kumudu kila kitu. Lakini mgawanyo wa namna hii una maana moja tu kwa mgonjwa: atavuka mpaka. Mganda mwenye maradhi ya figo aje Nairobi, Mkenya mwenye saratani aende Kampala, wa Bujumbura mwenye moyo mgonjwa aende Dar es Salaam. Majengo yamejengwa kwa kumtarajia mgonjwa anayevuka, na bima zimeundwa kwa kumtarajia mgonjwa asiyevuka. Anayeshindwa kuiona tofauti hii na amwulize mwenye mtamba.

Bara la Ulaya, ambalo mara nyingi huigwa katika mambo yasiyofaa kuigwa, lina mfano ambao ungetufaa. Tangu mwaka 2004 raia wa nchi za Umoja wa Ulaya hubeba kadi ya bima ya afya inayomwezesha kupata matibabu ya lazima akiwa ziarani katika nchi nyingine mwanachama, kwa masharti yale yale wanayotibiwa nayo wenyeji. Gharama hubebwa na hazina ya nchi alikotoka. Haimpi mtu ruhusa ya kuzurura akitafuta tiba atakayo. Inamkinga asife au asifilisike kwa sababu tu aliugua akiwa upande usio wake. Kipimo hicho cha matibabu ya lazima ndicho ningependa tukizingatie.

Hapa sina budi kuzijibu hoja za wanaopinga, kwa sababu si hoja za kipuuzi. Wapo wasemao kuwa hazina yetu hailipi hata hospitali za nyumbani kwa wakati. Ni kweli: NHIF iliacha madeni ya mabilioni ya shilingi, na hospitali kadhaa zimewahi kuwafungia wagonjwa milango kwa ajili hiyo. Hospitali ya ng'ambo itakubalije kudai mahali ambapo hospitali ya nyumbani inadai bila kulipwa? Wengine husema kuwa bima inayovuka mpaka itazaa udanganyifu, kwamba patatokea wagonjwa hewa na upasuaji wa kwenye karatasi ambao hakuna mkaguzi wa Nairobi atakayevuka kwenda kuuthibitisha. Wengine huongeza kuwa nchi zenyewe hazilingani. Tanzania ina Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulioanza kazi mwaka 2001, na ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Uganda, kwa upande wake, Bunge lake lilipitisha mswada wa bima ya taifa mwezi wa Machi mwaka 2021 na haukupata sahihi ya Rais. Utawezaje kudaiana na asiye na daftari?

Hoja ya kwanza ndiyo inayonitia mashaka zaidi, na sina jibu lake ila kwamba deni si sababu ya kumkana mdai. Ya pili ninaikubali nusu. Wagonjwa hewa tumewaona katika hospitali za nyumbani, chini ya pua za wakaguzi, kwa hiyo haielekei kuwa mpaka ndio unaowazaa. Kuhusu ya tatu, hakuna ulazima wa nchi zote kuanza siku moja. Kenya na Tanzania zina hazina, zina sheria, na zina mpaka mrefu wenye watu. Zingeweza kuanza na hospitali chache zilizo karibu na forodha: mbili tatu upande huu, mbili tatu upande ule. Zikaandikishwa katika orodha za hazina zote mbili, kwa ajili ya dharura, uzazi, ajali na upasuaji usioweza kungoja, basi. Mwisho wa kila robo ya mwaka wahasibu wa pande zote wakutane, walinganishe vitabu, na aliyezidiwa alipe tofauti. Wenye magari wamefanya hivyo tangu mwaka 1987.

Fauka ya hayo, dharura haina uraia hata katika sheria zetu wenyewe. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kuwa hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hakikusema Mkenya; kilisema mtu. Mama wa Holili akianguka sokoni Taveta leo, hospitali ya Kenya haina budi kumpokea. Swali linalobaki ni nani atalipa, na kwa sasa jibu ni kwamba atalipa yeye, au hospitali itameza hasara na kunuka madeni. Makubaliano ninayoyatetea yangezifaa hospitali kabla hata hayajamfaa mgonjwa.

Nimeulizwa na mhadhiri wangu mmoja, alipoisoma rasimu ya makala haya, kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili anajitia katika mambo ya bima badala ya kuwaachia wataalamu wa uchumi na tiba. Nilimjibu kwa heshima kuwa tumezoea kujivunia, katika kila kongamano, kwamba Kiswahili hakijui mipaka. Tunasema hivyo kwa sauti kuu, tunapigiwa makofi, tunaenda kula chakula cha mchana. Wanaokifanya Kiswahili kisijue mipaka si sisi wenye makongamano. Ni shangazi na wenzake, wanaoitumia lugha hii kila uchao kupatana bei pale Holili. Ikiwa tunaishi kwa jasho la lugha yao, hatuwezi kudai kwamba miili yao haituhusu. Isitoshe, siku makubaliano kama haya yatakapoandikwa, yataandikwa kwa lugha gani? Wataalamu wa uchumi watayaandika kwa Kiingereza, na mtoto aliyesoma ataitwa tena kuyafasiri.

Mwalimu alitikisa kichwa. Sikujua kama ni kwa kukubali au kwa kunihurumia.

Ningali nikimtembelea shangazi kila likizo. Amesajiliwa katika mfumo mpya na hulipa anavyotakiwa, kwa sababu, asema, ugonjwa waweza pia kumkuta akiwa upande huu. Lakini tangu mwaka ule aliougua, yeye na wachuuzi wenzake wa Taveta na wa Holili, Wakenya kwa Watanzania, wameanzisha chama. Kila siku ya soko kila mmoja hutoa kiasi kidogo, na fedha hizo haziguswi ila kwa ajili ya mwanachama aliyeugua akiwa ng'ambo ya kwao. Kufikia sasa wamewahi kumtibu mmoja wao aliyevunjika mguu Taveta na mwingine aliyejifungua kabla ya siku zake upande wa pili. Shangazi ndiye mweka hazina. Alinionyesha daftari lao, la kurasa mia mbili, lililopindika pembe kwa kushikwashikwa. Kila ukurasa una safu mbili zilizopigwa mstari kwa rula, moja ya shilingi za Kenya na nyingine ya shilingi za Tanzania, na juu yake ameandika kwa kalamu nyekundu, kwa Kiswahili, majina ya waliotoa na waliopewa.